Mto Ulioitwa Kutoka Ng'ambo



Aprili 2025, baada ya watu 26 kuuawa kwa risasi huko Pahalgam, Kashmir, serikali ya India ilitangaza siku iliyofuata kwamba inausimamisha mkataba wa maji iliotia sahihi na Pakistan mwaka 1960. Kwa majuma kadhaa sisi watangazaji wa Kiswahili tukawa tunalisoma jina moja karibu kila taarifa ya habari: Mto Indus. Kila mmoja alilisoma alivyojaliwa. Wapo waliosema Indasi kwa lafudhi ya London, na wapo waliotia irabu mwishoni likawa Indusi, wala sikusikia msikilizaji yeyote akilalamika. Lililonikaa mimi kichwani ni jambo jingine. Jina hilo linafanana na India kiasi kwamba mtu aliyesikia habari nusu nusu akiwa jikoni atadhani huo ni mto wa India, na Pakistan imekwenda kuomba maji kwa jirani.

Basi fungua ramani. Mto unaanzia Tibet, karibu na Mlima Kailash, unapita Ladakh katika eneo linalotawaliwa na India, kisha unaingia upande wa Pakistan na kuteremka nchi nzima, kaskazini hadi kusini, mpaka unapomwagika baharini kusini-mashariki ya Karachi. Sehemu kubwa kabisa ya mto huo imo Pakistan. Nchi moja ina mto, nyingine ina jina la mto. Kiingereza ndicho kilichotuletea jina hili likiwa katika umbo hili la Indus, na nataka leo tulifuatilie, maana limepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwenye meza ya msomaji habari.

Wakazi wa mwanzo tunaowajua kwa maneno yao waliuita Sindhu. Ni neno la Kisanskriti, na maana yake ni mto tu, au maji makubwa yatiririkayo. Hawakuona haja ya kutafuta zaidi. Ukiwa kando ya maji kama yale, ukisema "mto" kila mtu anajua unausema upi. Katika Rigveda, mkusanyiko wa kale wa tenzi za ibada, upo utenzi mzima unaoisifu mito, na Sindhu umepewa kiti cha mbele. Watu wa juu zaidi wana majina yao. Watibeti wanauita kwa jina lenye maana ya kinywa cha simba, Wapashtuni wanauita Abasin, yaani Baba wa Mito. Ukiteremka hadi mkoa wa Sindh, mkoa wenyewe umebeba jina la mto, na watu wake ni Wasindhi, na lugha yao Kisindhi. Huko chini S ya mwanzo haijatikisika kwa miaka elfu tatu.

S hiyo ilipotelea Uajemi. Lugha za Kiirani zilikuwa na tabia ya kuigeuza S ya namna hii kuwa H. Saba kwa Kisanskriti ni sapta, kwa Kiajemi ni haft. Sindhu ukawa Hindu. Mfalme Dario wa Kwanza, aliyetawala Uajemi yapata miaka 500 kabla ya Kristo, alipoorodhesha majimbo yake kwenye mawe, jimbo la bonde hilo aliliandika Hindush. Kwenye maandishi yake ya ujenzi wa kasri la Susa anaeleza kila malighafi ilikotoka, na anasema pembe za ndovu zililetwa kutoka Hindush, kutoka Arakosia, kusini mwa Afghanistan ya leo, na kutoka Kushi, ambayo ni nchi ya Waafrika iliyo kusini ya Misri. Kwa hiyo katika mojawapo ya kumbukumbu za mwanzo kabisa za jina hili lenye H, Hindi na Afrika tayari ziko mstari mmoja, na shehena ni pembe. Sisi wa pwani ya Bahari ya Hindi tunaijua biashara hiyo.

Sasa angalia kilichotokea hapo. Mwajemi anatazama mashariki, anaufikia mto, na kila kilicho kwenye mto na ng'ambo yake anakiita kwa jina la mto. Mhindi kwa Mwajemi wa zamani hakuwa mtu wa dini fulani wala wa taifa fulani. Alikuwa mtu wa kule mtoni. Jina hilo linakuambia aliyelitamka alikuwa amesimama wapi, na alikuwa amesimama magharibi. Aliyeishi Bihar au Tamil Nadu, mwendo wa miezi kutoka mtoni, hakujua kwamba huko mbali ameshapewa jina la mto ambao hajawahi kunywa maji yake.

Wagiriki wakalichukua kwa Waajemi. Wayunani wa pwani ya Uturuki ya leo walikuwa wameacha kuitamka H, kwa hiyo Hindu ikawa Indos, nchi ikawa India. Warumi wakabadilisha mwisho wa neno kufuata sarufi yao, ikawa Indus. Herufi mbili za hilo neno la Kiingereza, zile U na S za mwisho, ni alama ya sarufi ya Kilatini.

Unaweza kusema Warumi hawakujua jina la wenyeji. Walijua. Plinio, mwandishi wa karne ya kwanza aliyejaribu kuandika kila kitu kilichopo duniani, anautaja Indus na papo hapo anaongeza kwamba wenyeji wanauita Sindus. Baada ya kusema hivyo anaendelea na Indus kana kwamba hakuandika kitu. Karibu na wakati huohuo kuna baharia mmoja wa Kigiriki wa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliyeandika mwongozo wa biashara wa Bahari ya Shamu na bahari yetu hii. Kitabu chake kinaitwa Periplus, na wanafunzi wa historia wa Kenya na Tanzania wanakifahamu kwa sababu ndimo unamotajwa mji wa Rhapta na pwani ya Azania. Baharia huyo alipoelezea midomo saba ya mto ule na bandari ya Barbarikon, aliandika Sinthos. Ninaamini jina hilo alilitoa kwa watu wa bandarini badala ya vitabu, na watu wa bandarini walikuwa wanatamka S. Lakini vitabu vikashinda bandari. Ulaya ya baadaye ilisoma wasomi, na Waingereza walipojenga elimu yao juu ya Kilatini, mto ulikuwa umeshapewa jina shuleni karne nyingi kabla ya Mwingereza wa kwanza kuuona kwa macho.

Hapa nitachepuka kidogo, maana kuna kisa ambacho msikilizaji wa Jinja au Mwanza atakipenda. Aleksanda wa Makedonia alifika Indus mwaka 326 kabla ya Kristo. Akaona mamba. Kwa Wagiriki wa wakati ule, mto wenye mamba ulikuwa Nile, basi. Kwenye mto mwingine, ule unaoitwa leo Chenab, akaona mimea waliyoiita maharage ya Misri, na akaambiwa Chenab unaingia Indus. Akakata shauri kwamba amegundua chanzo cha Nile! Aliwaza kwamba Indus unapita majangwani, unapoteza jina lake njiani, kisha unatokeza Afrika. Mwanahistoria Ariano anasimulia kwamba alimwandikia mama yake, Olympias, habari hizo, na baadaye wenyeji walipomweleza kwamba mto unaishia baharini, akaagiza sehemu hiyo ya barua ifutwe. Ungedhani yameisha. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, al-Jahiz wa Basra, mmoja wa waandishi hodari wa Kiarabu, akaandika jambo hilohilo: mto wa Sind umetoka Nile, ushahidi ni mamba. Aliyemkosoa ni al-Masudi, na al-Masudi alikuwa na haki ya kumkosoa, kwani al-Jahiz hakuwa msafiri. Al-Masudi alifika bonde la mto huo mwanzoni mwa karne ya kumi, na alisafiri pia hadi pwani ya Wazanji, kwenye kisiwa cha Qanbalu ambacho wataalamu wengi wanadhani ni Pemba. Mtu mmoja, macho yale yale, aliona bahari hii kutoka pande zote mbili.

Waarabu ndio waliotuletea sisi jina. Wao walikuwa na mpango ambao mimi naona ulikuwa na akili kuliko wa Wagiriki. Mto wenyewe waliuita Mihran. Nchi ya bonde lake, iliyotekwa na Muhammad bin Qasim kuanzia mwaka 711, waliiita Sind, kama walivyosema wenyeji. Nchi ya mbele zaidi wakaiita Hind, jina la Kiajemi. Sind na Hind, nchi mbili tofauti kwenye vitabu vyao, ingawa kwa asili ni neno moja lililopita njia mbili. Hind ndiyo iliyokuja na majahazi ya msimu. Ndiyo maana sisi tunasema Mhindi, Bara Hindi, Bahari ya Hindi, na H yetu ni ya Kiajemi iliyopitia Uarabuni. Neno India, lisilo na H, tumelipata juzi tu kutoka kwa Mwingereza, na tunayatumia yote mawili katika sentensi moja bila kusitasita: Mhindi anatoka India.

Kiingereza nacho kina mto huu mara tatu. Kuna jina la Kigiriki: Indus, India, Indian. Kuna la Kiajemi: Hindu, Hindi, Hindustan. Na kuna la wenyeji: Sindh, Sindhi. Msomaji wa Kiingereza anayaona kama mambo matatu yasiyohusiana, dini, nchi na mkoa. Hili la tatu liliwahi kuzaa utani maarufu. Mwaka 1843 Jenerali Mwingereza, Charles Napier, aliiteka Sindh, vita ambayo hata maofisa wenzake walioona mbali walijua haikuwa na sababu ya haki. Mwaka uliofuata jarida la vichekesho la London, Punch, likachapisha kwamba jenerali ametuma ripoti yenye neno moja tu la Kilatini, Peccavi, maana yake "nimetenda dhambi". Kwa Kiingereza, "nimetenda dhambi" na "ninayo Sindh" husikika sawasawa. Napier hakuandika kitu kama hicho. Aliyetunga mzaha huo ni msichana, Catherine Winkworth, aliyekuwa bado hajafikisha miaka 20. Hata leo utakutana na watu wenye shahada zao wakiapa kwamba jenerali aliituma ile ripoti.

Neno lenye umbo la Kigiriki ndilo lililosafiri kupita kiasi. Columbus alipotia nanga Karibea mwaka 1492 akidhani amefika Asia, watu aliowakuta akawaita watu wa India, na mpaka leo kuna visiwa vya West Indies na jimbo la Indiana. Rangi ya buluu ya nguo, iliyokuwa ikitoka huko mashariki, Wagiriki waliiita kitu cha India, na kwa mzunguko wa lugha za kusini mwa Ulaya Kiingereza kikapata indigo. Mwaka 1863, Freiberg, Ujerumani, Ferdinand Reich na Theodor Richter walikuwa wanapima madini ya zinki kwa mwanga, wakaona mstari wa rangi ya indigo ambao haukuwa wa elementi yoyote inayojulikana. Kusema kweli aliyeuona ni Richter. Reich alikuwa hawezi kutofautisha rangi, ndiyo maana alimtaka mwenzake amtazamie. Chuma hicho kipya wakakiita indium. Kinachanganywa na bati na oksijeni, kinakuwa utando mwembamba unaopitisha umeme na kuruhusu mwanga, na utando huo ndio uliomo kwenye kioo cha simu yako. Ukiteleza kidole kwenye skrini kutafuta kituo hiki, kidole chako kinapita juu ya jina la mto wa Pakistan.

Na usiseme hayo ni mambo ya wazungu. Hindi la kuchoma lile, lililotolewa kwenye jiko la mkaa likiwa na madoa meusi, likapakwa limau na pilipili ya unga, nalo lina mto huohuo ndani yake. Zao lenyewe asili yake ni Mexico. Lilipotufikia kwa njia ya bahari tukalipa jina la nchi iliyokuwa mbele ya macho yetu ng'ambo ya maji. Waingereza huko Marekani nao wakaliita nafaka ya Kihindi, kwa sababu ya kosa la Columbus. Lugha mbili, makosa mawili yasiyojuana, na zao halina hatia yoyote.

Turudi kwenye siasa, maana jina hili lina wenye nalo na wanaolidai. Mwaka 1947, Uingereza ilipoigawa milki yake, Muhammad Ali Jinnah, mwanzilishi wa Pakistan, alikasirika alipoona nchi ya pili imeamua kubaki na jina India. Yeye alitarajia watajiita Hindustan au Bharat. Alimlalamikia Lord Mountbatten, Gavana Mkuu wa India, kwamba jina hilo linapotosha. Mimi naona kwa hoja ya ramani alikuwa na haki. Kwa hoja ya dunia alichelewa, maana hakuna mfanyabiashara wala balozi aliyekuwa tayari kuacha neno lililozoeleka tangu enzi za Wagiriki. India yenyewe haikuwa na hakika. Ibara ya kwanza ya katiba yake inaanza kwa kutaja majina mawili, India na Bharat, na Septemba 2023 mialiko ya chakula cha jioni cha mkutano wa G20 ilitolewa kwa jina la Rais wa Bharat, watu wakapigana kalamu wiki nzima. Wimbo wa taifa wa India unaitaja Sindh, mkoa ambao hauko India. Mtu mmoja alikwenda Mahakama ya Juu kabisa ya India kutaka neno hilo liondolewe, na mwaka 2005 mahakama ikamkatalia.

Pakistan kwa upande wake imelishika neno Indus la Kiingereza kama mali yake. Barabara kuu inayofuata mto ni Barabara ya Indus, hospitali, shule ya sanaa ya Karachi na kampuni ya magari zinalitumia, na wakili Aitzaz Ahsan aliandika kitabu mwaka 1996 kueleza kwamba bonde hilo limekuwa nchi yenye tabia yake tangu kale, mbali na India. Wahindi wanalitumia pia, hasa kwa ustaarabu wa kale wa Harappa na Mohenjo-daro, ambao mwanaakiolojia Sir John Marshall aliutangaza kwa ulimwengu mwaka 1924. Lakini huko nako mambo yanabadilika. Vitabu vya shule vya serikali ya India vimeanza kuuita ustaarabu huo kwa jina la Sindhu na Sarasvati, mto wa pili ukiwa ule wa vitabu vitakatifu, na wanaakiolojia wengi wanaona hapo siasa imekaa juu ya udongo.

Jambo la ajabu ni kwamba mimi sijasikia aliyeomba Kiingereza kiache Indus. Bombay imekuwa Mumbai, Calcutta imekuwa Kolkata, na Ganges, ambayo nayo ni jina la Kigiriki, inaandikwa Ganga hata na magazeti ya Kiingereza ya Delhi. Indus imebaki. Nadhani sababu ni kwamba mwenye mto hawezi kusema "mto wa Sindh" bila watu wa Punjab, wanaokunywa maji hayohayo, kuuliza kwa nini uwe wa Sindh peke yake. Neno la kigeni halimwudhi mtu.

Na hapo ndipo taarifa zetu za Aprili 2025 zilipopwaya. Mkataba uliosainiwa Karachi tarehe 19 Septemba 1960 na Nehru wa India na Ayub Khan wa Pakistan, kwa upatanishi wa Benki ya Dunia, hauhusu mto mmoja. Unahusu mfumo wa mito sita: Ravi, Beas na Sutlej kwa India, Indus wenyewe, Jhelum na Chenab kwa Pakistan, ambayo kwa mgawo huo inapata karibu asilimia 80 ya maji yote. Tulisoma "Mto Indus" kana kwamba ni bomba moja lenye koki moja. Hatukusema pia kwamba siku zilezile, mkoani Sindh, watu walikuwa wameshafunga barabara kuu kwa ugomvi mwingine kabisa. Mawakili walikuwa wamekaa Babarloi, malori ya mizigo yamepanga foleni ndefu, wanapinga mpango wa serikali yao wenyewe wa kuchimba mifereji mipya ya kupeleka maji kwenye jangwa la Cholistan, Punjab. Mashirika ya habari ya kimataifa yaliandika Indus na kumaanisha Delhi na Islamabad. Waliokaa barabarani walikuwa wanasema Sindhu, na waliyemlalamikia ni mwenzao wa juu ya mto. Tarehe 28 Aprili baraza linalosuluhisha mambo ya mikoa ya Pakistan likaurudisha mpango ule, hakuna mfereji utakaochimbwa mpaka mikoa yote ikubaliane. Habari hiyo haikufika kwenye taarifa yetu ya saa mbili usiku.